Barua kwa Mkalimani Mpya wa Ifo

Garissa mjini

Kwako mpwa wangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa joto, ambalo unalijua. Ayeeyo, bibi yako, anakusalimu sana na anauliza kama ofisi utakayoanza kazi itawapa chakula cha mchana au mtajitafutia.

Ama baada ya salamu, abti, kama mjomba na mpwa tunavyoitana kwa Kisomali, nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti. Unasema kwenye mafunzo ya ukalimani mlipewa karatasi ya maneno ya Kiingereza, na mawili kati yake, “refugee” na “asylum seeker”, yakawagawa darasa zima. Wengine walishikilia kwamba ni kitu kimoja. Wengine wakasema wa kwanza amekimbia kweli na wa pili anabahatisha. Mkufunzi akawaambia la kwanza ni mkimbizi, la pili ni mwomba hifadhi, akafungua ukurasa mwingine. Nawe ukaniuliza: si wote wamekimbia? Ningekujibu kwa simu, lakini Jumatatu unaanza kazi katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, na swali hili litakufuata kila asubuhi utakapoketi kati ya afisa na mtu aliyetoka ng’ambo ya mpaka. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Jibu la ofisini ni fupi. Anayeitwa mkimbizi ni mtu ambaye nchi iliyompokea imekwisha kuamua kwamba sababu zake za kukimbia ni zile zinazotajwa na sheria. Mwomba hifadhi ni mtu aliyekwisha kuomba, ombi lake likapokelewa, na uamuzi haujatoka. Kati yao kuna faili na sahihi ya mtu mwenye mamlaka, basi. Watu wawili wanaweza kupanda lori moja usiku mmoja kutoka Dhobley, Somalia, wakashuka pamoja, wakajiandikisha dirisha moja. Mmoja akaamuliwa mwezi huu na mwenzake akangoja miaka. Yule wa kwanza ataitwa mkimbizi na wa pili mwomba hifadhi, ingawa bunduki iliyowafukuza ni ileile.

Kwa hiyo wale wenzako waliosema wa pili anabahatisha walikosea, na kosa hilo si dogo kwa mtu atakayekuwa mdomo wa mwenzake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, lilitoa mwaka 1979 kitabu cha mwongozo ambacho maafisa wanakitumia hadi leo. Kinasema jambo ambalo ningependa ulishike: mtu huwa mkimbizi tangu pale sababu zinapotimia, na uamuzi wa serikali unakuja baadaye kumtangaza tu. Haumfanyi kuwa mkimbizi. Ngamia wa babu yako alikuwa wake kabla hajatiwa chapa ya ukoo. Chapa ilikuwa ya kuwaambia wengine. Basi kila mkimbizi aliyetambuliwa kwa faili yake mwenyewe aliwahi kuwa mwomba hifadhi, na miongoni mwa waomba hifadhi utakaowaona wiki ijayo wamo wakimbizi ambao bado hawajatangazwa. Wamo pia wasio wakimbizi. Kuwatenga ni kazi ya afisa, na hutakiwi kumsaidia hata kwa kukunja uso.

Najua ni kwa nini neno la pili lilikuwa geni kwako. Ulizaliwa na kukulia hapa, na hapa tulikuwa na neno moja tu la Kisomali, qaxooti, yaani mkimbizi. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka huohuo, na mwaka uliofuata zikafuata Dagahaley na Hagadera, na zote pamoja zikaitwa Dadaab. Zilipangwa kwa watu 90,000. Mtu aliyetoka Kismayu, Baidoa au Buale hakuulizwa yeye binafsi kama alikuwa na sababu. Ilitosha kujulikana alikotoka. Wanasheria huita hali hiyo kutambuliwa kwa pamoja, yaani vita vyenyewe vilikuwa ushahidi wa kila mtu. Nilifanya ukalimani Hagadera miaka hiyo kabla sijarudi darasani, na sikumbuki hata siku moja kulitafsiri neno “asylum seeker” kwa Msomali. Waethiopia na Wakongo waliokuwa pale ndio waliolijua, kwa sababu wao waliketishwa mmoja mmoja wakahojiwa. Nasi kwa ujinga wa ujana tuliwaona kama watu wenye kesi, tukadhani wenye kesi wana makosa.

Mambo yakabadilika Aprili 2016. Serikali ya Kenya, kwa tangazo katika gazeti rasmi, iliondoa ule utambuzi wa pamoja wa watu wa Somalia. Wiki moja hivi baadaye, Mei, ikatangaza kwamba inaifunga Dadaab na kwamba imeivunja idara iliyosimamia mambo ya wakimbizi. Ile habari ya kufunga ndiyo iliyojaa redioni, na mwaka uliofuata, Februari 9, 2017, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu aliamua kuwa ilikuwa kinyume cha Katiba. Watu walishangilia. Lakini lile tangazo la kwanza, lililosomwa na wachache, ndilo lililobaki. Tangu siku hiyo Msomali anayevuka mpaka hapati jina la mkimbizi kwa kutoka tu. Anaanza mwomba hifadhi kama Mkongo, na atakayoyasema ndani ya chumba cha mahojiano ndiyo yatakayomtoa au kumwacha. Kwa maneno mengine, abti, kazi yako imezaliwa na tangazo lile. Zamani mkalimani wa Dadaab alifasiri majina, umri na idadi ya watoto. Wewe utafasiri maisha ya mtu.

Kuna kundi jingine ambalo karatasi yenu ya mafunzo pengine haikulitaja. Baada ya 2016 uandikishaji ulisimama kwa miaka, na watu hawakuacha kuja. Wakakaa kandokando ya kambi, au kwa jamaa, wanagawana mgao wa watu sita wakiwa tisa. Hao kwa vitabu vya serikali hawakuwa wakimbizi, na hawakuwa hata waomba hifadhi, kwa kuwa hakuna aliyepokea ombi lao. Waliitwa wageni wapya, na wengine “ugeni” wao ulidumu mpaka watoto wao wakaanza shule. Uandikishaji ulirejea mwaka 2023, na kambi ya Ifo 2, iliyokuwa imefungwa mwaka 2018, ikafunguliwa tena kwa ajili yao.

Hata hao hawasikitishi kama waliorudi. Novemba 2013 Kenya, Somalia na UNHCR zilitia sahihi mapatano ya watu kurudi kwa hiari, na kuanzia Desemba 2014 zaidi ya 80,000 walirejea Somalia kutoka Dadaab. Walirudisha kadi za mgao, wakapewa nauli na pesa za kuanzia, wakaondoka. Baadhi yao walikuta vita na ukame vikiwangoja, wakageuka. Mtu wa namna hiyo alikuwa mkimbizi kwa miaka 20, anaijua Ifo kuliko mkuu wa kambi, na siku aliyorudi hakuwa na jina lolote katika kompyuta. Utakutana nao. Watakuambia kwa hasira, “Mimi ni qaxooti wa tangu tisini na mbili!” Wewe mfasirie afisa hivyohivyo, hasira na mwaka wake, usimpunguzie.

Sasa tuangalie hizo sababu za sheria, maana hapo ndipo ulimi wa mkalimani unapopima uzito. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 uliandikwa Geneva baada ya vita vikuu, na kwanza ulihusu matukio ya kabla ya Januari 1, 1951. Itifaki ya 1967 ndiyo iliyoondoa ukomo huo. Mkataba huo unamtambua aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya kabila au rangi, dini, uraia, kuwa wa kundi fulani la jamii, au maoni yake ya siasa. Afrika iliona viatu hivyo vinabana. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikutana Addis Ababa Septemba 1969 ukaongeza wanaokimbia uvamizi, ukaliaji wa kigeni, au matukio yanayovuruga vibaya amani ya umma katika sehemu ya nchi au nchi nzima. Kwa mtu wa Jubba ya Kati, Somalia, maneno hayo ya Addis Ababa yana faida kuliko ya Geneva, na sheria ya Kenya, ile ya 2006 na hii ya 2021 iliyochukua nafasi yake, imeyabeba yote mawili.

Ukame haumo katika orodha hizo. Shika hapo.

Siku moja afisa atamuuliza mzee kwa nini aliondoka, na mzee atajibu, “Abaar.” Neno moja. Ukifasiri “ukame” umefasiri sawa, wala huna la kuongeza. Lakini usimtazame kana kwamba amemaliza. Watu wa mikoa ya Bay na Bakool ya Somalia huanza na abaar kama sisi tunavyoanza na salamu. Ukimwachia pumzi atasema kwamba mvua ilikosa, na kwamba katika mwaka huohuo wenye bunduki walikuja kuhesabu mbuzi waliobaki ili watoe zaka, kwamba mashirika ya chakula yalifukuzwa na kundi lililotawala eneo lake, kwamba kijana wake alitakiwa aende kupigana. Mwaka 2011, Umoja wa Mataifa ulipotangaza baa la njaa Julai 20 katika Bakool ya kusini na Shabelle ya Chini, Dadaab ilipokea zaidi ya watu 1,000 kwa siku katika majuma mabaya, wakaenea hadi nje ya Dagahaley mahali walipopaita Bulo Bacte, mtaa wa mizoga. Wengi wao walisema abaar. Njaa ile haikuletwa na mbingu peke yake; mvua iliwakosa pia watu wa Garissa na Wajir, mifugo ikafa, lakini baa la njaa halikutangazwa huku. Afisa mzuri anajua kuuliza swali la pili. Asipouliza, wewe huruhusiwi kuliuliza kwa niaba yake, na hilo litakuuma. Unachoweza ni kutomkatiza mzee, kutoharakisha kufasiri akiwa bado anavuta pumzi, na kutomfupishia sentensi ndefu ikawa fupi kwa sababu mnakaribia saa ya chakula.

Kumsikiliza mtu mpaka mwisho si jambo jipya. Ulisimuliwa madrasa habari za Najashi, mfalme wa Habasha, kwa hiyo nitakukumbusha kidogo tu, uzitazame safari hii kwa jicho la mkalimani. Karibu mwaka 615 baadhi ya masahaba walivuka Bahari ya Shamu kwenda Habasha kukimbia mateso ya Makka. Makuraishi wa Makka wakatuma watu wawili, Amr bin al-As na Abdullah bin Abi Rabia, wakiwa na ngozi nzuri za kuwapa zawadi mfalme na makasisi wake. Walichotaka hasa ni kwamba watu wale wakabidhiwe bila kusikilizwa. Mfalme akakataa: hatamtoa mtu aliyekimbilia kwake kabla hajamsikia. Ndipo Jaafar bin Abi Talib, mmoja wa waliokimbia, akasimama akaeleza walivyokuwa, walivyobadilika, na walivyofanyiwa kwa ajili ya dini yao. Mfalme akaamua wabaki. Kesho yake Amr akarudi na shtaka jipya kuhusu Nabii Isa. Wakaitwa tena, wakajieleza tena, uamuzi ukabaki palepale na zawadi zikarudishwa. Umm Salama alikuwa miongoni mwa waliokimbia, na ni kwake tumepokea simulizi hii.

Je, asubuhi ile kabla ya hukumu, Jaafar alikuwa nani? Kwa lugha ya ofisi yako alikuwa mwomba hifadhi, na jioni akawa mkimbizi. Aliyoteswa kwayo Makka hayakuongezeka kati ya asubuhi na jioni. Ila asubuhi angeweza kukabidhiwa kama mfalme angekuwa mwingine, na jioni hawezi. Ndiyo sababu sheria ya leo inamlinda mwomba hifadhi kwa lile jambo moja kubwa: haruhusiwi kurudishwa alikotoka wakati ombi lake linasubiri. Katika hilo yeye na mkimbizi wako sawa.

Wanapoachana ni kwenye mengine. Aliyefika Kenya anatakiwa kujitokeza kwa afisa mara moja, na kwa vyovyote ndani ya siku 30. Anapewa hati ya muda ya mwomba hifadhi. Katika chakula cha mgao hawatofautishwi kwa hadhi hiyo; ile Bamba Chakula ya simu haikuuliza kama umeamuliwa. Kutoka kambini wote wanahitaji kibali. Lakini kitambulisho cha mkimbizi, hati ya kusafiria ya mkataba, na kibali cha kazi cha daraja M hutolewa kwa aliyetambuliwa. Na safari ya kupelekwa nchi ya tatu, ambayo watu wa kambi wameiota hadi wakaipa jina la ugonjwa, buufis, haimgusi mwenye hati ya muda. Ukitaka kuelewa kwa nini mtu atalia mbele yako kwa sababu ya neno moja, kumbuka buufis. Nikuambie pia kwamba hata neno kubwa lina kikomo chake. Januari 2017, baada ya amri ya Rais Trump wa Marekani ya kuzuia wakimbizi, Wasomali waliokwisha kuaga kambini na kufika Nairobi wakingoja ndege walirudishwa Dadaab na mizigo yao. Walikuwa wakimbizi waliotambuliwa kwa kila muhuri. Neno mkimbizi linakukinga usirudishwe. Halimlazimishi mtu wa mbali akufungulie mlango.

Hapo ndipo jamaa zetu wa ng’ambo wanapogawanyika pia, ingawa wenyewe hawasemi. Wengi wa wale wa Minneapolis, Marekani, walihojiwa wakiwa bado Afrika, wakapanda ndege wakiwa tayari wana jina la mkimbizi. Wengi wa wale wa London walifika kwanza, ndipo wakaomba, wakakaa miaka na hati ya kungoja. Huko Uingereza magazeti yamelichafua neno la waombaji hadi linasikika kama tusi, na binamu yako mmoja akiulizwa alivyofika hubadilisha mazungumzo. Kiingereza chenyewe ni cha ajabu. “Refugee” lilikuja na Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbilia Uingereza baada ya mfalme wao kuwanyima uhuru wa dini mwaka 1685, nao wakapokewa kwa heshima. “Asylum” ni la Kigiriki, mahali usipoweza kukamatwa, patakatifu. Lakini Waingereza walilitumia vilevile kwa nyumba za wagonjwa wa akili, na hospitali ya Mathari ya Nairobi ilianza mwaka 1910 ikiwa na neno hilo katika jina lake. Sitashangaa ukipata mzee wa zamani anayelisikia hivyo.

Nije kwenye jambo la nyumbani, ambalo huwezi kulikwepa ukitoka Garissa. Wapo watu walioitwa wakimbizi ambao hawajawahi kuvuka mpaka wowote. Katika ukame wa miaka ya tisini na ule wa 2011, familia za Wakenya wa Dadaab, Fafi, Lagdera na hata mbali zaidi zilijiandikisha kambini ili zipate unga na mafuta, na watoto wapate dawa na shule. Watoto wakachukuliwa alama za vidole. Walipofika miaka 18 na kwenda kuchukua kipande, yaani kitambulisho cha taifa, kompyuta ikajibu kwamba ni wakimbizi. Walikadiriwa kufika 40,000. Aliyebaki katika orodha hiyo hawezi kupata kipande, hivyo hawezi kujisajilia laini ya simu, kufungua akaunti, kuajiriwa wala kuvuka daraja la Tana kwenda Nairobi bila kushushwa kwenye basi. Shirika la hapa mjini, Haki na Sheria, lililipeleka jambo hilo mahakamani. Mkenya wa namna hiyo hawezi kuitwa mwomba hifadhi, maana hakuomba hifadhi kwa yeyote. Wala mkimbizi, maana nchi aliyomo ndiyo nchi yake. Ameandikwa tu.

Sisi tuna sababu ya kulichukua jambo hili kwa uzito. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa foleni wakapigwa msasa, kila mmoja athibitishe kuwa ni Mkenya, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kipande. Baba zako wadogo bado wanazo. Ule msasa wa ziada kwa vijana wa kaskazini wanaoomba kipande uliendelea kwa namna moja au nyingine hadi Rais Ruto alipotia sahihi tangazo la kuuondoa akiwa Wajir, Februari 2025. Na baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, ambapo watu 148 waliuawa, neno mkimbizi lilitamkwa kwenye redio kama jina la mshukiwa, na sauti hiyo haikututenga sisi na watu wa Ifo. Kwa hiyo usije ukaketi kwenye kile kiti ukadhani mambo haya ni ya “wale”. Ila pia usije ukamwonea mtu huruma hadi ukamfasiria zaidi ya alivyosema. Ukimwongezea neno moja la kumsaidia, na afisa akalilinganisha na mahojiano ya kwanza, mwongo atakuwa yeye.

Haya ndiyo ninayokuomba uyashike kazini. Afisa akisema “asylum seeker”, usilifasiri qaxooti kwa sababu ndilo lililo karibu na ulimi. Mtu yule atasikia kwamba amekubaliwa. Atarudi kwenye kibanda chake awaambie wenzake, apokee pongezi, na huenda akakopa dukani kwa kutegemea safari. Sema magangelyo-doon, na kama ni mtu wa lahaja ya Maay asiyelielewa vizuri, mwambie kwa urefu: umeomba ulinzi, ombi lako limepokelewa, bado halijaamuliwa. Kusajiliwa na kutambuliwa ni mambo mawili. Kadi ya mgao si hukumu. Ombi likikataliwa, fasiri kwamba ombi limekataliwa, maana mtu akisikia “wewe si mkimbizi” huinuka akaondoka kabla hajasikia kwamba ana haki ya kukata rufaa na siku za kufanya hivyo zina hesabu. Hiyo sehemu ya rufaa isome polepole kuliko zote. Na mtu akijiita mkimbizi ilhali faili inasema mwomba hifadhi, mfasirie afisa kama alivyosema, usimsahihishe. Huenda baada ya muda faili ndiyo itakayorekebishwa ilingane naye.

Serikali ilizindua Mpango wa Shirika Machi 2025, wa kugeuza kambi kuwa miji ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Naunga mkono, ingawa nimeona mipango mingi ikipita barabara ya Dadaab. Nitauamini nitakapoona faili zinakwenda haraka, kwa sababu mji wa watu ambao nusu yao hawajui wataitwa nani mwakani hauwezi kuitwa mji. Sheria ya 2006 ilimpa Kamishna siku 90 za kuamua ombi, na sote tunajua watu waliongoja miaka. Kungoja huko ni deni la ofisi, si la mwombaji. Ukisikia mtu anamlaumu mwomba hifadhi kwa kukaa sana bila hadhi, mwulize faili iko mezani kwa nani.

Nimalizie hapa, karatasi inaniishia na adhana ya alasiri inakaribia. Mama yako atakutumia magauni mawili ya dirac na maziwa ya ngamia yaliyokaushwa kupitia gari la kesho asubuhi. Beba kipande chako halisi, usiende na nakala. Na tafadhali, uliza huko ofisini kama wana kijikaratasi cha rufaa kilichoandikwa kwa Kisomali cha Maay. Kama hakipo, waombe kiandikwe, na uwaambie una abti aliyestaafu ambaye yuko tayari kukipitia bila malipo.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi, abti yako.